Kuchora Ramani za Mada: Kazi ya QGIS Iishie Wapi, ya Inkscape Ianzie Wapi

Ramani yangu ya kwanza ya mada, yaani ramani inayoonyesha jambo moja kama msongamano wa watu, ilikuwa na kosa kubwa, na ilipita mikononi mwa watu watatu kabla ya yeyote kuligundua. Nilikuwa nimeombwa kuonyesha mahali watu walikosongamana Tanzania Bara kwa kutumia matokeo ya Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022. Nilichukua idadi ya watu wa kila mkoa, nikaamuru QGIS, programu ya kutengeneza ramani kutokana na data, iipake rangi, na baada ya dakika kumi nikawa na ramani iliyonipendeza. Mkoa wa Tabora, wenye watu 3,391,679, ulitokea kwa rangi ileile iliyokoza ya Mwanza yenye watu 3,699,872. Kwa kuwa Tabora ina eneo la zaidi ya kilometa za mraba 76,000, yaani takribani mara nane ya nchi kavu ya Mwanza, kila aliyeitazama ramani ile alivutwa na Tabora kwanza. Ukigawa idadi kwa eneo, Tabora ina watu wapatao 45 katika kila kilometa ya mraba, na Mwanza ina karibu 390. Ramani ilisema kinyume kabisa cha kile ilichotumwa kusema.

Tangu siku hiyo nimejiwekea utaratibu ambao ninamshauri kila anayeanza kuufuata: kabla ya kuwasha kompyuta, andika kwenye karatasi swali moja ambalo ramani yako italijibu, kisha jiulize kama namba ulizonazo ni hesabu ya jumla au ni kiwango. Kiwango, kama vile watu kwa kilometa ya mraba au asilimia ya kaya zenye umeme, ndicho kinachofaa kupakwa rangi juu ya eneo zima. Hesabu ya jumla ionyeshwe kwa miduara inayokua kulingana na idadi, na hapo pia pana mtego. Dar es Salaam ina watu 5,383,728 na Lindi ina 1,194,028, tofauti ya mara nne na nusu. Ukikuza kipenyo cha duara mara nne na nusu, eneo lake linakua mara ishirini, na msomaji anadanganyika. Ni eneo la duara linalopaswa kufuata idadi, kwa hiyo hakikisha programu imeelekezwa hivyo.

Suala la kugawa madaraja ya rangi, yaani makundi ya namba ambayo kila moja hupewa rangi yake, ndilo lililonichukua muda mrefu kulielewa, pengine kwa sababu QGIS hukupa mgawanyo wowote kwa kubofya mara moja, nawe unaamini kwamba mashine imekufikiria. Nilipoanza na madaraja matano yenye upana sawa, mikoa 25 ya Bara iliangukia daraja la chini kabisa, na Dar es Salaam peke yake, yenye watu zaidi ya 3,800 kwa kilometa ya mraba, ikakaa juu. Madaraja matatu ya katikati yalibaki matupu. Nikahamia mgawanyo unaoweka idadi sawa ya mikoa katika kila daraja. Ramani ikapendeza, lakini Dar es Salaam ikawekwa kundi moja na mikoa ambayo msongamano wake haufiki hata sehemu ya tisa ya ule wa kwake. Mwishowe niliziandika namba zote 26 kwa mstari, nikatazama zinapoachana, nikaweka mipaka kwa mkono: chini ya 30, kisha 30 hadi 59, kisha 60 hadi 119, kisha 120 hadi 400, na Dar es Salaam katika daraja lake. Lindi, yenye watu 18 hivi kwa kilometa ya mraba, ikaonekana ilivyo, na tofauti kati ya mikoa ya kusini na ile ya Kanda ya Ziwa ikajitokeza bila kulazimishwa.

Kosa jingine halitoi onyo lolote, na kwa hiyo ndilo ninaloliogopa zaidi. Faili nyingi za mipaka zinazozagaa mtandaoni zilichorwa kabla ya mwaka 2016, wakati Mkoa wa Songwe ulipomegwa kutoka Mbeya. Ukiunganisha faili kama hiyo na jedwali la sensa ya 2022, QGIS itaipa Mbeya ya zamani, yenye eneo lote la Songwe ndani yake, idadi ya watu wa Mbeya ya sasa pekee. Watu zaidi ya milioni moja wa Songwe watapotea kimya kimya, na msongamano wa Mbeya utashuka bila sababu. Hesabu mikoa iliyomo katika faili yako kabla ya jambo lingine lolote. Vilevile, unganisha majedwali kwa namba za utambulisho za mikoa badala ya majina, kwa kuwa kistari kimoja katika neno Dar es Salaam kinatosha kuufanya mkoa mzima ubaki mweupe. Namba hizo nazo zisomwe kama maandishi. Zikisomwa kama tarakimu, 01 ya Dodoma hugeuka 1 na haipati mwenzake.

Kuhusu projeksheni, yaani namna ya kuuhamishia uso wa dunia uliopinda kwenye karatasi bapa, nitasema machache. Tanzania imekaa juu ya kanda tatu za UTM, mfumo unaoigawa dunia katika kanda na kuipa kila kanda projeksheni yake, ya 35, 36 na 37, kwa hiyo kwa ramani ya nchi nzima ninatumia projeksheni inayolinda ukubwa wa maeneo. Ninaangalia pia kama mipaka ya mikoa ya ziwani imejumuisha maji ya Ziwa Victoria, maana ukigawa watu kwa maji utapata msongamano wa uongo.

Sasa nije kwenye jambo lililonigharimu siku tatu za kazi. Nilikuwa nimemaliza ramani kwenye QGIS, nikaitoa kama faili ya SVG, yaani mchoro ambao kila sehemu yake inaweza kuhaririwa, nikaihamishia Inkscape, programu ya kuhariri michoro, na humo nikasogeza majina, nikabadilisha rangi za mikoa miwili kwa sababu hazikunipendeza, nikaandika upya ufunguo wote. Siku iliyofuata mteja akaleta jedwali lenye masahihisho. Mapambo yote yalikuwa yameshikamana na namba za zamani, na zile rangi mbili nilizozibadilisha kwa mkono hazikuwa na uhusiano tena na daraja lolote. Nilianza upya.

Ninachokifanya sasa ni kuweka mpaka usiovukwa. Chochote kinachotegemea namba, yaani rangi za madaraja, ukubwa wa miduara na maandishi ya ufunguo, hukamilishwa QGIS na hakiguswi tena. Inkscape hupewa kazi za jicho tu: kutenganisha majina yaliyogongana, kunyoosha mistari inayotoka Dar es Salaam kwenda kwenye jina lake lililowekwa baharini, kupanga kichwa cha habari na kuweka nafasi tupu inapohitajika. Wakati wa kutoa faili, ninachagua maandishi yabaki maandishi badala ya kugeuzwa michoro, ili niweze kuyahariri, na ninaagiza kila tabaka, yaani kila safu ya ramani kama mipaka au majina, litoke kama kundi lake. Ninaepuka pia athari za kuchanganya rangi za tabaka ndani ya QGIS, kwa sababu tabaka lenye athari hizo linaweza kutoka kama picha isiyoharirika. Mapambo ya Inkscape ninayaweka katika tabaka zao, juu ya ramani, ili masahihisho yakija nibadilishe kilicho chini na kuyaacha mengine mahali pake.

Shuleni tulifundishwa kwamba ramani haikamiliki bila jina, ufunguo, skeli, dira na fremu. Mimi sioni haja ya dira kwenye ramani ya Tanzania nzima, ambayo msomaji wake anajua Ziwa Victoria liko upande gani, lakini nimeshazoea kuiweka ndogo pembeni, kwani ikikosekana huwa ndiyo kitu cha kwanza kuulizwa. Jina ninaliandika kama jibu badala ya mada. "Kusini kuna nafasi, Kanda ya Ziwa imebanana" humsaidia msomaji kuliko "Msongamano wa Watu kwa Mkoa."

Rangi zenyewe ninazichagua ziende kutoka nyepesi hadi iliyokoza katika mwelekeo mmoja, na sichanganyi nyekundu na kijani, kwa kuwa wapo wasioweza kuzitofautisha. Kisha ninakwenda steshenari ya jirani na nakala moja iliyochapishwa, ninaomba fotokopi nyeusi na nyeupe kwenye mashine yao iliyochoka, na ninahesabu madaraja. Yakibaki manne badala ya matano, ninarudi QGIS.