Jibu: Kwa nini data za CERN haziwekwi ghala moja?

Ndugu yangu wa Wete, assalaam alaykum. Umeuliza kwa nini data za CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe, zisiwekwe ghala moja, na mtafiti wa uhifadhi wa data, fani anayoitamani mwanao, hufanya kazi gani hasa.

Mashine yake ya kugonganisha chembe, iitwayo LHC, iliyomo ndani ya njia ya chini ya ardhi yenye mzunguko wa kilomita 27 mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, hukutanisha mafungu ya protoni (chembe ndogo zilizomo ndani ya kiini cha atomu) takriban mara milioni 40 kwa sekunde, na ingawa sehemu kubwa mno ya matukio hayo hutupwa papo hapo, kinachosalia kingali kingi kuliko uwezo wa kituo kimoja. Ndiyo maana vituo vipatavyo 170 katika nchi zaidi ya 40 hugawana kazi ya kuhifadhi na kukokotoa.

Kazi ya mtafiti, na kwangu mimi hii ndiyo yenye uzito, ni kuhakikisha kwamba nakala haiharibiki kimya kimya. Kila faili hupewa namba inayokokotolewa kutokana na yaliyomo. Likifika kituo kingine namba hiyo hukokotolewa upya, mfano wa gunia la karafuu linalopimwa hapo Wete na kupimwa tena likishuka bandari ya Malindi, Unguja. Namba zikitofautiana hata kwa tarakimu moja, nakala hukataliwa na nyingine huletwa.

Data za kudumu huwekwa kwenye kanda za sumaku, ambazo mkono wa roboti huzichomoa rafuni na kuzipachika kwenye kisomeo.

Mwanao na aanze na mfumo endeshi wa Linux na lugha ya programu ya Python, kisha mitandao ya kompyuta.