Kuchemsha waini hakumalizi pombe

SWALI: Kaka habari, Jumamosi nina wageni sita hapa kwangu Tabata na nataka kuwapa kokteli nyepesi ya waini kabla ya msosi. Nimeona video wanasema uchemshe waini dakika 5 pombe iishe, halafu kila glasi uweke toti mbili za jini kwa ajili ya ladha, juisi kidogo na soda juu. Mdogo wangu ana mimba ya miezi mitano naye anataka kuonja. Pia jirani anauza waini ya rozela kwenye chupa za maji, anasema ni laini hailevyi. Nichukue?

JIBU: Dada, hapana kwa yote matatu, na hili la kuchemsha limenichosha kweli maana haipiti wiki sijaulizwa. Watu wamesikia pombe inachemka kwenye nyuzi 78 na maji kwenye 100, basi wanaona ukiwasha jiko pombe inaondoka yenyewe maji yanabaki. Haiko hivyo. Vikishachanganyika vinatoka pamoja, taratibu, na majedwali ya Wizara ya Kilimo ya Marekani yanaonyesha chakula kilichotiwa pombe kikitokota dakika 15 bado kinabaki na kama asilimia 40 ya pombe yake, kikitokota saa mbili na nusu bado ipo asilimia 5. Sasa dakika zako 5 zitatoa nini? Zitaondoa harufu nzuri, hiyo ndo inayotangulia kutoka, unabaki na waini inayonukia zabibu za kupikwa. Halafu ule mvuke unashika moto. Nimeshaona kwenye jiko la gesi, mama wa watu kainama kuangalia sufuria mara moto wa bluu ukapanda mpaka kwenye ushungi, bahati tulikuwa naye pale.

Na hata ingekuwa imeisha, si unairudisha na jini? Piga hesabu: mililita mara asilimia, basi. Waini 150 ya asilimia 12 ni mililita 18 za pombe tupu, toti mbili za 25 za jini ya asilimia 40 ni 20 nyingine, jumla 38. Bia ya mililita 500 ya asilimia 5 ina 25. Kwa hiyo glasi moja "nyepesi" ni bia moja na nusu, mgeni hajagusa hata bajia. Juisi na soda hazijapunguza chochote, zimeficha tu ukali ili mtu anywe haraka, na mapovu ya soda yenyewe yanasaidia pombe iingie mwilini upesi.

Hata spritz ya Waitaliano, ile kokteli ya waini na maji ya gesi, wengi wanaikosea, wanaichukulia kama juisi kwa sababu ya ile rangi ya chungwa. Prosecco (waini nyeupe ya mapovu) mililita 90 ya asilimia 11, Aperol (pombe chungu ya rangi ya chungwa) 60 nayo asilimia 11, maji ya gesi 30, inakuja 16.5 za pombe tupu, sawasawa na kopo la bia la 330. Ni nzuri, ila ihesabu kama bia.

Mimi ningekutengenezea hivi. Glasi kubwa, ijaze barafu mpaka juu (barafu kidogo ndo inayeyuka haraka na kuharibu kinywaji), waini nyeupe kavu ya Dodoma iliyolala kwenye friji mililita 50, vemuthi nyeupe kavu 25, maji ya gesi 125, koroga mara moja tu, kisha kamulia ganda la chungwa juu ya glasi mpaka uone yale mafuta yanaruka. Vemuthi ndo inaleta ule uchungu wa kufungua hamu ya kula, ni waini iliyotiwa pakanga na mimea mingine na kuongezwa pombe kidogo, kwa kawaida asilimia 15 hadi 18. Ukichukua ya 16 unapata 10 za pombe tupu kwenye glasi nzima, chini ya nusu ya ile bia ya 500. Usipime kwa macho, tumia kile kikombe cha plastiki cha dawa ya kikohozi, kina mistari ya mililita. Na ukishaifungua vemuthi iweke friji uimalize ndani ya mwezi mmoja au miwili, hiyo ni waini siyo konyagi ya kukaa kabatini mwaka mzima.

Mdogo wako asionje kabisa, hata funda. Hakuna kiasi cha pombe kinachojulikana kuwa salama kwa mjamzito. Mpe glasi ileile, barafu ileile, maji ya gesi, ndimu, tangawizi kidogo na ganda la chungwa.

Sasa jirani. Mtu anayesema waini yake "hailevyi" na hajui ina asilimia ngapi, hajui anachouza. Wengine wanakuonyesha kile kipimo cha kioo kinachoelea, wakati kile cha asilimia za pombe kimetengenezwa kwa pombe na maji tu, ukikitumbukiza kwenye kitu chenye sukari kinasoma chini kuliko ukweli. Na wapo wanaoongezea spiriti za madukani ili mzigo uwe mwingi, humo ndo inapokuja methanoli, ambayo huwezi kuitofautisha kwa kunusa wala kuonja na inapofusha macho, inaua. Wala usinipigie eti uichemshe kwanza. Chupa isiyo na lebo, isiyo na asilimia, isiyojulikana imetoka wapi, mrudishie jirani hata kama ulishalipa.