Kabla hujasambaza habari ya jiwe la angani

Februari 2025 nilimtia mjomba wangu hasara ya siku mbili. Yeye ni mvuvi wa Msanga Mkuu, ukivuka tu kutoka Mtwara mjini. Nilituma sauti kwenye grupu la familia kwamba asteroidi, yaani jiwe la angani linalolizunguka Jua, iitwayo 2024 YR4 ina uwezekano wa asilimia 3.1 wa kuipiga Dunia, na Afrika imo njiani mwake. Mwaka sikuutaja. Kumbe ni Desemba 2032! Mzee akasikiliza, akapandisha ngalawa mchangani, akakaa.

Wiki haikuisha, ile asilimia iliyokuwa inapanda ikaporomoka hadi karibu na sifuri. Mjomba akanipigia: "Sasa mjomba, kama haiji, mbona namba ilikuwa inapanda?"

Sikuwa na jibu. Nilikwenda kusoma, nikarudi kumweleza kwa mfano wa juya, ule wavu mkubwa wa kuvuta. Asteroidi ikiwa imeonekana kwa siku chache tu, wataalamu wa anga hawaijui njia yake barabara. Wanachojua ni kwamba itapita mahali fulani ndani ya eneo pana, na eneo hilo ndilo juya lililotandazwa. Dunia ni jiwe moja humo ndani. Kila wakipima, juya linavutwa. Maji yaliyozungushiwa yanapungua lakini jiwe ni lilelile, kwa hiyo linachukua sehemu kubwa zaidi ya kilichomo. Hapo ndipo asilimia inapopanda. Ukivuta tena kidogo, jiwe linabaki nje ya wavu.

"Ungesema hivyo tangu mwanzo," akasema, kisha akaniuliza nani atamlipa siku zake mbili.

Mambo yaleyale yaliwahi kutokea kwa asteroidi nyingine, Apophis. Iligunduliwa Juni 2004, na Desemba mwaka huohuo ikafika asilimia 2.7 ya kutupiga mwaka 2029. Vipimo vikaongezeka, hofu ikafutika. Mwaka 2021 rada ilithibitisha kwamba kwa angalau miaka 100 haitugusi.

Kwa hiyo ukiletewa habari ya namna hii, tafuta kwanza mwaka, halafu umbali. Mwezi uko kama kilomita 384,000 kutoka hapa. Vichwa vingi vya habari vinavyosema "yapita karibu" vinahusu mawe yanayopita mbali kuliko huo mwezi. (Na si kimondo. Kimondo ni kile kinachoingia kwenye hewa yetu kikawaka.)

Apophis ndiyo inakuja karibu kwelikweli. Ina upana wa mita zipatazo 340, na itapita kama kilomita 32,000 kutoka juu ya ardhi, chini ya setilaiti zinazoleta matangazo ya televisheni. Utasoma kila mahali kuwa ni Ijumaa tarehe 13 Aprili 2029, lakini kwa saa zetu itakuwa karibu zaidi kama saa 6:46 usiku wa kuamkia Jumamosi tarehe 14. Itaonekana kwa macho matupu, nukta kama nyota ya kawaida inayosogea polepole, ikitokea upande wa Bahari ya Hindi kuelekea magharibi. Sasa hivi inalizunguka Jua kwa siku 324 hivi. Mvutano wa Dunia usiku ule utaipanua njia yake, na mzunguko wake utapita mwaka mmoja.

Usihangaike kununua darubini. Tafuta sehemu isiyo na taa; Msanga Mkuu patafaa kuliko Mtwara mjini. Ninachokihofia ni mawingu tu, maana Aprili bado ni mvua.

Jambo moja nimemwambia mjomba awaeleze wenzake mapema. Usiku ule ni mwezi mwandamo, giza zuri la kutazamia, lakini maana yake pia ni bamvua. Maji yatajaa sana, na lazima atatokea mtu wa kusema jiwe limeyavuta. Apophis ni ndogo mno kuvuta bahari. Hiyo ni kazi ya Mwezi na Jua, kama miezi yote. Mjomba alinitazama kama ninayemfundisha mtumbwi.

"Bamvua unaniambia mimi?"