Shangazi, mke wangu ameichora CV yangu kwa kalamu nyekundu

Msomaji aliyejiita Baba Aliyechoka anasema mkataba wake wa kutunza ghala uliisha zaidi ya mwaka sasa, na tangu hapo ameomba kazi kila mahali bila mafanikio. Anaamini kazi za siku hizi ni za kujuana. Kinachomuuma zaidi, anasema, ni mkewe: ameichukua CV yake ya kurasa sita akaikatakata kwa kalamu nyekundu, anataka wafanye mazoezi ya usaili usiku watoto wakishalala, na amekwenda kumweleza kaka yake mambo ya nyumbani. Wiki ijayo ana usaili. Anauliza kama ahamie kwa mdogo wake kwa muda ili ajiandae kwa utulivu, na mke naye "ajifunze heshima".

Marahaba, mwanangu. Kukaa bila kazi kunauma, hasa kwa mtu aliyezoea kuaga asubuhi na kurudi jioni. Pole sana. Huruma yangu inaishia hapo.

Barua yako umeianza na "Mpendwa Daktari wa Ndoa". Mimi si daktari wa ndoa wala wa kitu kingine chochote. Inaonekana ulimwandikia yeye kwanza, hakukujibu, ukainakili ilivyo ukaniletea mimi. Sasa rudi kwenye ule mstari unaolalamika kwamba mkeo "alikuza mambo" eti kwa sababu barua moja ya maombi ilikwenda na jina la kampuni nyingine. Alikuza nini? Mimi sikuajiri mtu na bado nimeudhika kidogo. Fikiria yule afisa utumishi mwenye barua mia mezani, anayetafuta sababu yoyote ya kupunguza rundo.

Kwa hiyo niseme mapema: niko upande wa mkeo. Katika barua yako yote neno "heshima" limejirudia mara tisa. Maneno ya tangazo la kazi unayokwenda kusailiwa sijayaona hata mara moja. Sijui kampuni inauza nini, sijui wanataka mtu wa aina gani, na nina wasiwasi wewe pia hujui.

Tuanze na CV. Kurasa sita za nini? Umeniandikia mwenyewe kwamba ina shule ya msingi, dini, urefu wako na mambo unayoyapenda. Kwa mtu wa uzoefu wako kurasa mbili zinatosha. Lakini si urefu ulionikera. Kwenye CV unasema "niliwajibika kwa shughuli zote za ghala", maneno ambayo kila mtunza ghala duniani anaweza kuyaandika, hata mwizi. Halafu huku kwangu, ukijitetea kwamba wewe si mvivu, unasema ulipofika ulikuta mali zinatoka bila daftari, na ulipoondoka kila bidhaa ilikuwa na kadi yake na hesabu ya mwezi ilikuwa inafungwa siku moja badala ya nne. Hilo ndilo la kuandika! Umempa shangazi ushahidi, mwajiri ukampa maneno matupu. Naweka dau kwamba moja ya zile alama nyekundu inasema jambo hili hili.

Na usitume CV moja kila mahali. Chukua tangazo, kaa na kalamu, pigia mstari kila wanachokitaka, kisha hakikisha ulicho nacho kati ya hivyo kinaonekana nusu ya juu ya ukurasa wa kwanza, kwa maneno yao wenyewe. Kampuni nyingi kubwa hupitisha maombi kwenye programu ya kompyuta inayotafuta maneno ya tangazo kabla jicho la mtu halijaona kitu. Wao wakiandika "usimamizi wa stoo" nawe ukaandika "utunzaji wa ghala", unaweza kuachwa huku unajua kazi. Mbinu yenyewe ni ya zamani kuliko kompyuta. Leonardo da Vinci, yule mchoraji maarufu wa Italia, alipoandika kuomba kazi kwa Ludovico Sforza, mtawala wa Milan, mwanzoni mwa miaka ya 1480, aliijaza barua madaraja ya kubebeka, mizinga na namna ya kuzingira ngome. Uchoraji aliutaja karibu na mwisho. Yule bwana alikuwa na maadui, si kuta za kupamba.

Sasa kuhusu kujuana. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, aliandika kuhusu watu waliobadili kazi katika kitongoji kimoja cha Boston. Kati ya waliopata kazi kupitia mtu, chini ya asilimia 17 walikuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara. Wengine wote walisaidiwa na watu wa kuonana nao mara mojamoja au kwa nadra: mfanyakazi mwenza wa zamani, mtu wa kusalimiana tu. Kwa hiyo kujuana kupo, ila wewe umekutafsiri kuwa ni mjomba mwenye cheo. Je, yule dereva aliyekuwa akileta mizigo ghalani kwako, anayeingia maghala kumi kwa wiki, anajua kwamba unatafuta kazi? Hajui, kwa sababu unasema "sipendi watu wajue". Mficha uchi hazai, mwanangu. Mkeo alipomweleza kaka yake hakuwa anakusengenya. Alikuwa anakutafutia kazi kwa mdomo ambao wewe umeufunga.

Na tazama lililotokea. Umelipitisha haraka katikati ya malalamiko, kwamba tangu hapo shemeji anakuita umfanyie hesabu za mali dukani kwake. "Namsaidia tu," unasema. Hiyo ni kazi. Iandike kwenye CV, na tarehe zake. Wiki ijayo watakuuliza umekuwa ukifanya nini tangu mkataba uishe. Jibu fupi la kweli unalo, na limetoka kwa mwanamke unayetaka kumkimbia.

Ndoa za siku hizi zinanichosha, acha niseme. Mume akiwa na mshahara, mke akimshauri anaitwa mwenye busara. Mshahara ukikatika, ushauri ule ule unaitwa kelele. Mke atafute chakula cha watoto, alipe hiki na kile, kisha akitaka kusema jambo ateremshe sauti asije akamuumiza mwenye nyumba. Nao wanawake wengine wamejifunza kunyamaza, wanamwacha mume aanguke usaili baada ya usaili ili mradi amani iwepo. Wako hakunyamaza. Amekaa na kurasa sita usiku, baada ya kazi zake, akasoma hadi urefu wako.

Hayo mazoezi uliyokataa, anza leo. Umesema usaili uliopita waliposema "tueleze habari zako" uliwajibu, "Si mnayo CV hapo mbele?" Nimesoma mara mbili nikidhani nimekosea. Swali lile lina dakika mbili: kazi uliyoifanya, jambo moja ulilolifanikisha linalofanana na shida yao, na kwa nini umekuja kwao. Walipouliza kwa nini uliondoka ukamwaga yote ya bosi wako wa zamani. Huenda alikuwa mbaya kweli, lakini wanaosikiliza wanajiona wao ndio mabosi wako wa kesho. Sema mkataba uliisha, maana uliisha.

Mwambie mkeo akuulize pia yale ya "tupe mfano wa siku ulipokutana na tatizo". Eleza hali ilivyokuwa, ulitakiwa ufanye nini, ulifanya nini wewe, na ikaishaje. Si "tulijitahidi". Wape wadhamini wako taarifa kabla hawajapigiwa simu. Vyeti viandae siku moja kabla. Andaa na maswali mawili ya kuwauliza wao, kwa mfano wanataka mtu huyu awe amemaliza nini katika miezi mitatu ya kwanza. Na yeyote akikudai pesa ili upate kazi, ondoka.

Kwa mdogo wako usiende. Huko utapata utulivu wa kulala.

Nilitaka kusahau mshahara. Wakikuuliza unataka kiasi gani usiseme "chochote tu". Ulizia mapema kazi kama hiyo inalipwaje, kisha taja kiwango kutoka chini hadi juu, na kile cha chini kiwe ambacho nyumba yako inaweza kuishi nacho. Hesabu ya nyumba hiyo huijui, kwa zaidi ya mwaka sasa anaifanya mkeo. Muulize leo usiku, kabla hajaanza kukusaili.