Barua kwa mwanangu: usisaini hiyo karatasi

Mwanangu mpendwa,

Pole tena na maumivu ya mtulinga, mfupa wa juu ya kifua unaoshika bega, uliovunjika daladala ilipokugonga. Umeuliza mambo mawili: upokee laki mbili za mwenye daladala na kusaini kwamba yameisha? Na bima ya gari inakuhusu nini wewe uliyekuwa kwenye baiskeli na trei zako za mayai?

Naanza na la pili, maana ndilo linalojibu la kwanza. Bima ndogo, ile ambayo kila gari, bajaji na bodaboda lazima iwe nayo, haitengenezi gari la mwenyewe. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, imeilazimisha kwa ajili ya mtu wa tatu, yaani asiye mwenye gari wala kampuni ya bima, anayeumia au kufa barabarani. Mtu wa tatu ni wewe. Ingia TIRA MIS, mfumo wa mtandaoni wa mamlaka ya bima, kwa simu yako, andika namba ya usajili ya ile daladala, utaona kampuni iliyoikatia bima na tarehe za kuanza na kuisha. Hifadhi picha ya ukurasa huo leo hii.

Sasa hiyo karatasi. Mtulinga uliovunjika huchukua wiki kadhaa kuunga, na wiki mbili baada ya ajali hakuna daktari atakayekuapia kwamba bega litarudi kama zamani. Ukisaini kwamba huna madai tena, halafu bega likakataa kubeba mzigo, karatasi hiyo ndiyo watakayoitoa mahakamani. Mwenye daladala akitaka kusaidia matibabu, pokea, lakini muandikiane kwamba ni msaada wa matibabu wa tarehe hiyo, si malipo ya mwisho. Fidia ikija, kiasi hicho kitakatwa humo, na ni haki yake. Kampuni ya bima nayo ikikuletea fomu ya kupokea malipo, isome kwa jicho hilohilo.

Nenda kituo cha polisi uchukue namba ya RB, yaani ya taarifa yako kwenye kitabu chao, kama hukuandikiwa, na PF3, fomu ya polisi ya matibabu. PF3 ijazwe na daktari aliyekutibu, na uipige picha pande zote kabla hujairudisha. Hapa ndipo wengi wanapoangukia: siku ya kwanza daktari anaandika "maumivu ya bega", picha ya X-ray inaonyesha mvunjiko siku tatu baadaye, na fomu inabaki vilevile. Mwombe daktari aandike mvunjiko huo na ripoti ya X-ray iambatanishwe. Kwa trafiki omba ripoti ya ajali, mchoro wa eneo na ripoti ya ukaguzi wa gari. Hakikisha jina la mmiliki lililomo ni la kwenye kadi ya gari, maana utawadai wawili: dereva aliyekugonga na mmiliki aliyemwajiri.

Usidhani kesi ya trafiki itakulipa. Dereva akitozwa faini, hela inaingia serikalini. Faida yake kwako ni nyingine: akitiwa hatiani, omba nakala ya hukumu, kwani baada ya muda wa rufaa kupita ni ushahidi mzito katika kesi yako ya madai.

Fidia yenyewe ni ya aina mbili. Ya jumla, yaani maumivu na ulemavu, hakimu huikadiria mwenyewe. Ile mahsusi, yaani dawa, X-ray, baiskeli, mayai na siku ulizokosa kazi, lazima uitaje tarakimu kwa tarakimu na kuithibitisha. Mahakama ya Rufani ilishalisema hilo katika Zuberi Augustino dhidi ya Anicet Mugabe, 1992. Kwa hiyo kila risiti iwe na jina lako. Nauli za bodaboda ziandike kwenye daftari siku ileile. Baiskeli usiitengeneze kabla ya kuipiga picha, na fundi akuandikie gharama za rimu na uma. Mapato yako yaonyeshwe kwa miamala ya simu ya miezi kadhaa kabla ya ajali. Jua pia kwamba bima inayolazimishwa na sheria ni ya mwili na uhai tu. Kama mayai na baiskeli vinalipwa na bima hutegemea mkataba wake, lakini dereva na mmiliki bado unawadai.

Watasema ulikuwa na makosa. Ulikuwa upande wa kushoto, mchana, hilo ni zuri, basi tafuta majina na simu za wawili walioona. Usiku bila taa ungekuwa na kazi ngumu zaidi.

Andika barua ya madai kwa dereva, mmiliki na kampuni ya bima, kila mmoja agonge muhuri au asaini nakala yako. Wakikaa kimya, unamshtaki dereva na mmiliki. Ukishinda, sheria inaitaka bima ilipe hukumu hiyo, mradi iwe imepewa notisi ya kesi, kwa hiyo wakili aitume kabla ya kufungua. Muda wa madai haya ni miaka 3 tangu siku ya ajali, na "tunashughulikia" ya afisa wa bima haisimamishi hata siku moja. (Lingekuwa gari la STK, yaani la serikali, ungeanza na notisi ya siku 90 kwa serikali.) Wakili akikushinda kwa gharama, uliza watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa hapo Morogoro.

Nitumie picha ya PF3 kabla hujairudisha kituoni, niisome. Mama anakusalimu, na anasema mkono usitoke kwenye kitambaa mpaka daktari aseme.

Baba yako