Una cheti cha umeme na simu tu: nilivyopata kazi, na ninavyochukua vijana sasa

Mdogo wangu mleta mada, umesema umemaliza umeme wa majumbani VETA, una Level II na simu ya kitochi, WhatsApp unaazima kwa dada yako, na unauliza uanzie wapi. Nimepita humo humo. Leo nina mafundi wanne, tunafanya wayaringi kwenye nyumba mpya za Goba na Madale hapa Dar, na vijana nawapata kwa simu.

Mwezi uliopita kijana wangu mmoja aliugua siku moja kabla ya fundi plasta kuingia. Ilikuwa lazima mabomba ya kupitishia waya yawe yameshalazwa ukutani. Nikaandika kwenye grupu la mafundi: "Natafuta kijana wa umeme, saiti Madale, kuanzia kesho." Kufika usiku nilikuwa na meseji zaidi ya hamsini. "Boss naomba kazi." "Mambo." "Kazi bado ipo?" Sikuwadharau, ila nilikuwa juu ya ngazi, mkono mmoja una simu, na nisingeweza kuanza kumhoji kila mmoja anajua nini na anakaa wapi.

Mmoja aliandika hivi, na meseji yake ninayo mpaka leo: "Shikamoo kaka. Nina Level II ya umeme. Nakaa Mivumoni, saa moja asubuhi nitakuwa saiti. Nimepasua ukuta, nimelaza bomba na kuvuta waya nyumba ya vyumba vitatu, fundi niliyekuwa naye namba yake hii. Koleo, bisibisi na tesa ninazo. DB sijawahi kufunga peke yangu."

Nilimpigia huyo fundi kwanza. Akaniambia dogo anawahi na haibi waya. Basi, kesho yake akaanza.

Angalia alichonipa. Nimejua anaweza nini, yuko wapi, anafika lini na nani anamjua. Hilo la mahali vijana wengi wanalisahau, na kwetu ni kubwa sana. Ukitoka Mbagala kuja Madale kila siku, nauli inakula posho yako, na foleni ikikushika unafika saa tatu wakati wenzako washamaliza ukuta mmoja. Kilichonifurahisha zaidi ni ile sentensi ya DB, yaani lile boksi la kugawia umeme wa nyumba. Aliyesema asichokijua, nilimwamini kwa anachokijua. Hivyo hivyo usimwambie mtu una leseni ya ufundi umeme ya EWURA kama huna, atakuja kuidai siku ya kusaini fomu za TANESCO na utamwangusha mbele ya mteja wake.

Kitochi kinatosha kabisa kutuma meseji ya namna hiyo. Palestina ilikuwepo huduma ya Souktel iliyoanza mwaka 2006, vijana wakijibu maswali mafupi kwa SMS kuhusu ujuzi wao na mahali walipo, na mwajiri akitafutiwa wanaolingana na kazi yake. Wengi hawakuwa na intaneti nyumbani, ila simu walikuwa nayo. Wewe andika ya kwako, ihifadhi kwenye simu, halafu watumie kila fundi uliyewahi kumshikia ngazi, mwalimu wako wa VETA, na muuza vifaa vya umeme wa mtaani kwenu. Huyo muuza duka usimpite. Mwenye nyumba akishanunua waya, swali linalofuata dukani ni "una fundi unayemjua?"

Namba usibadilishe. Mwaka 2017 laini yangu ilipotea, nikaona uvivu kwenda kuirudisha, nikasajili nyingine. Baada ya wiki tatu nikakutana na msimamizi wa saiti moja ya Mbezi, akaniambia alinitafuta siku mbili kwa kazi ya miezi minne, simu haipatikani, akampa mwingine. Nililia, sikufichi.

Na usitume hela. Kabla ya hapo nilishatuma 15,000 "ya fomu na vipimo vya afya" kwa mtu aliyetangaza kazi za kiwandani kwenye chaneli ya Telegram. Nilipotuma tu, namba ikazimwa. Ilikuwa hela ya mama ya mtaji wa vitumbua. Mwajiri anayekuhitaji anakuuliza unaweza kuanza lini, hakuulizi una shilingi ngapi.

Kazi za serikali zinapitia Ajira Portal, tovuti ya kuombea kazi serikalini. Kujiandikisha ni bure, unahitaji namba ya NIDA na vyeti ulivyoskani. Jisajili, ila usikae nyumbani kuzisubiri.

Sasa niambie, unakaa wapi na umeshafanya kazi gani kwa mikono yako, hata kama ni kubadilisha soketi kwa jirani? Andika meseji yako hapa chini kama unavyotaka kuituma, majina na namba za watu usiweke. Nikitoka saiti leo usiku nitaisoma tuirekebishe pamoja.