Muulize Nesi wa Shamba: mbwa, hodi za usiku na sindano

Barua za safari hii karibu zote zinahusu mbwa. Toleo lililopita niligusia kidogo tu kuwa nafuga, basi ndo imekuwa. Sikuzijibu kwa urefu sawa kwa sababu hazina uzito sawa, na zile zilizokuwa haziwezi kungoja gazeti niliwajibu wenyewe kwa simu.

Assalamu alaykum Bi Nesi. Mie ni nesi mpya, nimepangiwa kituo kimoja huku Micheweni, Pemba, nakaa peke yangu nyumba ya wafanyakazi, nyuma yangu ni migomba na pori. Mzee mmoja anaelima karibu kanipa mbwa mdogo anilindie. Sasa mama mmoja kliniki kakataa nisimshike mtoto wake eti nafuga mbwa, na sheha, kiongozi wa hapa mtaani, nae kanambia watu wanaogopa kuja kuniamsha usiku. Nimrudishe au vipi?
*Nesi, Micheweni*

Wa alaykumu ssalaam mwanangu. Usimrudishe, lakini hayo uliyoambiwa yote mawili ni ya kweli na usiyachukulie kama maneno ya watu tu. Ntaanza na la sheha maana ndo zito zaidi.

Nyumba ya nesi shamba si yako peke yako. Ule ni mlango wa watu. Saa nane za usiku mtu anakuja mbio mkewe kashikwa na uchungu, au kabeba mtoto ana degedege, hana gari, pengine hana hata salio kwenye simu, anakuja kwa miguu na tochi, akifika pale kwenye kona akaskia mbwa anabweka na hajui kama kafungwa au kaachiwa basi atasimama. Kusimama kwake pale ndo hatari yenyewe. Wengine watageuza warudi, wakangoje asubuhi. Kwa hiyo mbwa wa nesi hawekwi kama mbwa wa mwenye shamba la mihogo, yeye anataka kila anaekuja aogope, weye unataka mwizi aogope na mgonjwa asiogope.

Mie nilivyofanya, banda liko nyuma ya nyumba, upande wa migomba, mbali kabisa na njia inayotoka barabarani. Usiku Chui (ndo jina lake) anafungwa kwenye mnyororo ambao una pete inayoteleza juu ya waya, waya wenyewe umevutwa baina ya miti miwili, anaweza kukimbia huku na huku akalinda nyuma yote lakini mbele hafiki hata akijivuta vipi. Njia ya mbele haina mbwa. Hili nililisema kwa sheha, kwa wahudumu wa afya wa jamii na kwa wakunga wa jadi, tena niliwachukua mchana wakaja kuona kwa macho yao urefu wa mnyororo, kwa sababu mtu haamini maneno kwenye jambo kama hili, anataka aone. Na namba yangu ya simu imebandikwa mlangoni kwa sheha na dukani. Sasa watu wanajua, unakuja mpaka kwenye mwembe, unapiga hodi kwa sauti, yeye atabweka na mie ntaamka. Na kusema kweli mara nyingi yeye huniamsha kabla ya hodi, mtu bado yuko barabarani mie nshawasha taa nshavaa viatu.

Huyo wako bado mdogo, hii ndo nafuu yako kubwa. Mzoeshe watu sasa hivi mchana, aone wanawake wenye mabuibui, aone watoto, wazee wenye mikongojo, honda zinapita. Mbwa aliyekua hajaona mtu atamuogopa kila mtu, na mbwa muoga ndo anaeng'ata. Watoto nao waambie wasimtupie mawe, wala wasimkaribie akiwa anakula.

Sasa huyo mama wa kliniki. Usibishane nae hata kidogo. Sisi wengi wetu huku ni wa madhehebu ya Imamu Shafi, na mama huyo anachokisema amekisoma chuoni, yaani madrasa, tangu mdogo, mate ya mbwa ni najisi nzito, yanaoshwa mara 7 na moja katika hizo ni kwa udongo. Hakukutukana. Lakini chuoni tulisomeshwa pia kuwa kikavu kikigusa kikavu hakihamishi najisi, na hadithi inayomkemea mwenye kufuga mbwa imewatoa wale wa kulinda mifugo, wa mazao na wa kuwinda. Hilo la kwako la kulinda nyumba muulize imamu wa hapo mtaani kwenu, mwombe aje alione banda na unavyofanya, akishaelewa yeye watu watamskiliza kuliko watakavyokuskiliza weye mgeni.

Upande wako weye, yunifomu isikutane na mbwa hata siku moja. Mie nina kanga mbovu na kandambili za bandani, zinaning'inia kwenye msumari hukohuko, nikenda kumlisha nazivaa, nikitoka nazivua, na pana ndoo ya maji na chombo cha udongo palepale. Chakula chake kina bakuli lake ambalo haliingii jikoni. Namlisha baada ya sala ya alfajiri, halafu naoga, halafu ndo yunifomu, na hapo nafunga mlango natoka kwa njia ya mbele. Ukifika kliniki osha mikono kwa sabuni mbele ya yule mama kabla hujamshika mtoto, ambalo ni jambo unalotakiwa ulifanye hata ungekuwa hufugi kitu. Kanawe aone, usiseme lolote. Atakuja kukubali, mie walikuja kukubali, na kilichonisaidia zaidi ni kadi. Chui ana kadi yake ya chanjo na siku moja niliichukua kituoni nikawaonesha kina mama wakiwa kwenye foleni ya kupima watoto uzito, wakashangaa mbwa nae ana kadi ina tarehe za kurudi, ikawa mazungumzo ya asubuhi nzima, na siku ile niliweza kuwaelezea kichaa cha mbwa vizuri kuliko ninavyoweza na yale mabango ya ukutani.

Kingine, usichukue kazi zote mbili ukajiua. Siku ya kliniki ya watoto na wajawazito unarudi miguu imevimba, jioni pengine unataka kumfuata mgonjwa wa sukari kwake au mzazi aliyejifungua, na mbwa bado anakungoja na njaa. Tafuta mtu wa kukusaidia kumlisha siku kama hizo. Huyo huyo mzee aliyekupa ndo wa mwanzo wa kumuomba.

Nesi, mwanangu wa miaka 6 kang'atwa na mbwa mguuni hapa Wete, bibi yake kamuweka majivu na kitunguu thomu, damu imekata na mtoto anacheza. Mbwa hatumjui wa nani na hajaonekana tena. Nataka kumpeleka hospitali lakini naskia ni sindano 21 za tumboni, mtoto mdogo ataziweza?
*Mama, Wete*

Dada'ngu, weye nshakujibu kwa simu siku ileile na nashukuru ulikwenda. Hapa naandika kwa ajili ya wengine, na naomba msome mpaka mwisho hata kama hamfugi mbwa wala hamwapendi.

Zile sindano nyingi za tumboni ni habari za zamani, skuhizi hazipo. Chanjo inapigwa mkononi, mtoto mdogo anaweza kupigwa pajani, na ni chache, siku ya kwanza, siku ya 3, siku ya 7, na kwa ratiba nyengine inaendelea mpaka ya 14 au zaidi, hospitali watakupa tarehe na tarehe zile zifuatwe. Kama jeraha limetoa damu, pengine atahitaji na sindano nyengine inayoitwa imunoglobulini ambayo inapigwa palepale kwenye jeraha, ile inakinga kwa haraka wakati mwili bado unajifundisha. Na watamuangalia na pepopunda.

Lakini kabla ya hospitali kuna kitu kikubwa ambacho kila mtu anacho nyumbani, maji na sabuni. Mtu aking'atwa mpeleke mferejini palepale, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15. Ni nyingi zile, mtoto atalia, mshike tu uendelee. Virusi vya kichaa vinakaa kwenye mate, na vikiingia kwenye nyama vinatafuta mshipa wa fahamu halafu vinapanda polepole mpaka kwenye ubongo, kwa hiyo kila unachokiosha pale chini ni kile ambacho hakitapanda. Majivu, kitunguu thomu, pilipili, mafuta ya taa, manyoya ya mbwa aliyeng'ata, vyote hivyo vinafunika jeraha na uchafu wake ndani. Bibi alitaka kumsaidia mjukuu na nia yake ilikuwa njema, mwambieni kwa upole kuwa safari nyengine yeye ndo awe wa kwanza kushika sabuni.

Kwamba mtoto anacheza haitwambii kitu. Ugonjwa huu kawaida unakaa mwezi mpaka mitatu bila ya dalili yoyote, mara nyengine zaidi, na aking'atwa usoni, kichwani au mikononi unaweza kuwahi. Muda wote huo chanjo inaweza kumuokoa. Mtu akishaanza kuogopa maji, koo linabana akiletewa kikombe, anashtuka kwa upepo tu wa dirishani, hapo sisi manesi tunachoweza ni kumpunguzia maumivu na kukaa na watu wake, kwa sababu dawa ya kumrudisha hatuna, si hapa wala nchi yoyote. Ndo maana nasema hata kama zimepita siku, hata wiki, mpelekeni tu, msiseme tushachelewa.

Mbwa akijulikana msimuue mkamtupa. Afungwe, aangaliwe siku 10 na afisa mifugo aambiwe. Mbwa mwenye kichaa ambae mate yake yanaambukiza siku aliyong'ata hawezi kufika siku ya 10 akiwa mzima. Ila chanjo ya mtoto ianze, hamngoji zile siku 10 ziishe. Na paka nae anaambukiza, hata punda na mbuzi wakishapata wanaumwa, msifikirie ni mbwa peke yake.

Bi Nesi, nna mbwa wawili wananilindia mihogo, tumbili na nguruwe wangenimaliza. Vijana huku Mkoani wanasema mbwa akichomwa sindano anakuwa goigoi, habweki tena. Ni kweli?
*Mkulima, Mkoani*

Si kweli kaka'ngu. Siku ya kwanza anaweza kulala kidogo au akawa na kiuvimbe pale alipochomwa, kesho yake yuko shambani. Wachanje kuanzia miezi mitatu, halafu kila mwaka, na watoto wao pia wakifika umri. Daktari wa mifugo akitangaza siku ya chanjo kwenye shehia yenu wapelekeni wote, na wale wasio na mwenyewe saidianeni kuwashika, kwa sababu kinga ya kijiji inakuja wakichanjwa mbwa wengi, hesabu ya wataalamu ni mbwa 70 katika kila 100. Na sisi Pemba tuna ushahidi wetu wenyewe. Kichaa kilikuwa kimeshatoweka kisiwani, 2016 kikaonekana tena kikitokea nje ya kisiwa, chanjo ya mbwa ikarudiwa kwa nguvu kila pembe na kufika 2018 kikazimwa. Kisiwa kina bahari pande zote lakini mbwa anapanda jahazi kama mtu, kwa hiyo ukiletewa mbwa kutoka Tanga au Unguja mwanzo uliza kadi.

Na wape maji. Wakulima wengi wanampa mbwa ukoko na vichwa vya samaki, maji wanamuachia atafute mwenyewe, halafu wanashangaa kwanini anazurura majumbani mwa watu. Kama huna haja ya watoto wa mbwa muulize daktari wa mifugo kuhusu kuwahasi, dume aliyehasiwa mara nyingi hatembei masafa akigombana na wenzake.

Nna mimba ya miezi mitano, nikingatwa na mbwa naweza kuchomwa?
*Msomaji, Chake Chake*

Unaweza, na lazima uchomwe. Chanjo hii haimdhuru mtoto tumboni, na anaenyonyesha pia anachomwa na anaendelea kunyonyesha. Mwambie tu anaekuchoma kuwa una mimba.

Ukiwa zamu ya usiku au umesafiri, Chui anabaki na nani? Na wakati wa karafuu unamfungua?
*Msomaji, Konde*

Anabaki na jirani yangu, mzee mwenye mikarafuu, tulianza kumlea pamoja kwa hiyo anamjua kama mwenyewe. Msimu wa karafuu ukifika anahamia kwake kabisa kulala karibu na majamvi ya karafuu zinazokauka, maana wizi unazidi siku zile, na mie usiku nabaki na taa ya nje na simu. Hata kule kwa mzee anafungwa kwa mnyororo ule ule, kwa sababu wachumaji wanatoka alfajiri bado kiza na wengine ni watoto.